Aliyerudi Uwanjani: Lucas Majozi na Usiku wa El Alamein



Nimeombwa nizungumze juu ya ushujaa wa vitani, na nimemchagua askari aliyepelekwa vitani bila bunduki. Jina lake ni Lucas Majozi, Mzulu wa Afrika Kusini, mbeba machela katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba 1942, huko El Alamein nchini Misri, aliingia katika uwanja uliotegwa mabomu kwenda kuwatoa wenzake waliojeruhiwa. Akajeruhiwa yeye. Akaambiwa aende nyuma akatibiwe, akajibu kwamba bado kuna majeruhi wengi kwenye uwanja wa mabomu. Akarudi mbele. Aliyekuwa akibeba naye machela akaanguka, Majozi akaendelea peke yake, akiwabeba watu mgongoni. Mwishowe akaambiwa tena aondoke, akatabasamu, akakataa. Aliendelea mpaka uchovu na damu iliyomtoka vikamwangusha.

Hayo nimeyatoa katika maelezo ya nishani yake. Ni maelezo mafupi, yameandikwa kwa ukavu wa kijeshi, na kila sentensi yake inataka kusomwa polepole. Jioni ya leo nataka tuisome polepole, kwa sababu naamini kuna jambo ndani yake ambalo tunalipita kila tunapozungumzia mashujaa. Tumezoea kuutafuta ushujaa pale mtu anapochomoka mbio kuelekea kwenye risasi. Kwa mtu anayeokoa majeruhi, mimi nauona zaidi katika safari ya pili, na ya tatu, na ile ya alfajiri, wakati mtu anajua vizuri kabisa anakokwenda kuna nini.

Lakini kwanza, ile bunduki. Kwa nini hakuwa nayo?

Afrika Kusini iliingia vitani Septemba 1939 baada ya kura ya bunge iliyogawanyika, 80 kwa 67. Wazungu wa nchi ile hawakukubaliana hata juu ya kupigana na Hitler. Juu ya jambo moja, hata hivyo, wengi wao walikuwa na kauli moja: Mwafrika asipewe bunduki. Sheria ya Ulinzi ya mwaka 1912 ilikuwa imewaweka kando watu wasio wa asili ya Ulaya katika mafunzo ya kivita, na serikali ya Jan Smuts, pamoja na kuhitaji watu kwa kila hali, haikuthubutu kuigusa kanuni hiyo. Wakaandikishwa Waafrika makumi ya maelfu katika kile kilichoitwa Kikosi cha Kijeshi cha Wenyeji. Wakawa madereva, wapishi, wachimba mahandaki, wapakuzi wa mizigo, wauguzi, wabeba machela. Waliowekwa kulinda maghala na kambi huko nyumbani walipewa mikuki na marungu. Tafakari picha hiyo: mwaka 1940 na 1941, vifaru vimekwisha kuivuka Ulaya, na askari wa dola ya kisasa anasimama zamu na mkuki kwa sababu ya rangi ya ngozi yake.

Serikali iliyomnyima Majozi bunduki ikampa machela. Nadhani wakubwa wake waliona wamempa kazi ya nyuma, kazi ya kusaidia. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa kubwa. Askari wa miguu mwenye bunduki, risasi zikizidi, hulala kifudifudi, hutambaa, hujificha nyuma ya jiwe, hujibu mapigo. Mbeba machela hawezi. Mikono yote miwili imeshikilia mipini, anatembea wima, anatembea polepole, na akijitupa chini amemtupa mgonjwa. Tena kazi yake, kwa asili yake, humpeleka pale pale ambapo muda mfupi uliopita mtu amepigwa. Kama kuna mahali pamoja kwenye uwanja wa vita ambapo tuna hakika adui amepalenga na kupapata, ni hapo alipolala majeruhi. Ndipo sheria ile ilipompeleka mtu asiye na silaha.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulitaka wahudumu wa majeruhi waheshimiwe na kulindwa na pande zote. Ni sheria njema na iliokoa watu wengi. Lakini El Alamein ilipiganwa gizani na kwenye vumbi, mizinga ikipiga maeneo mazima, na bomu lililofukiwa mchangani hulipuka kwa yeyote anayelikanyaga.

Sasa twende kwenye uwanja wenyewe. El Alamein wakati ule ilikuwa kituo kidogo cha reli kando ya bahari ya Mediterania, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Aleksandria. Kaskazini kuna bahari. Kusini kuna bonde la Qattara, ardhi laini iliyo chini ya usawa wa bahari, ambapo jeshi lenye magari haliwezi kupita. Kwa hiyo hakukuwa na njia ya kumzunguka adui, kama ilivyokuwa desturi ya vita vya jangwani. Anayetaka kwenda mbele alilazimika kupita katikati. Rommel, kamanda wa Kijerumani, alilijua hilo, akaamuru katikati pajazwe mabomu ya kutegwa, karibu nusu milioni, yakichanganywa na seng'enge na mitego. Wajerumani wenyewe waliziita sehemu hizo bustani za shetani.

Saa 3:40 usiku, tarehe 23 Oktoba, mbalamwezi ikiwa karibu kamili, mizinga zaidi ya 800 ya Jeshi la Nane la Uingereza ilianza kupiga kwa pamoja. Mwezi ulichaguliwa makusudi. Wahandisi wa jeshi walihitaji mwanga wa kutafutia mabomu na kulaza tepe nyeupe pembeni mwa vichochoro walivyosafisha, ili wanaofuata wajue pa kukanyaga. Baadhi yao walikuwa na kifaa kipya cha kutambua chuma ardhini, kilichobuniwa na Mpolandi aitwaye Józef Kosacki. Wengi walitumia bayoneti, wakichomachoma mchanga taratibu, hatua kwa hatua. Mbele yao na kandokando yao askari wa miguu walisonga kwa mguu juu ya ardhi ambayo bado haijasafishwa, kwa kutegemea kwamba mabomu mengi yalitegwa kwa ajili ya vifaru na hayatalipuka kwa uzito wa binadamu. Mengine yalitegwa kwa ajili ya binadamu.

Divisheni ya 1 ya Afrika Kusini, chini ya Meja Jenerali Dan Pienaar, ilipewa sehemu ya kusini ya shambulio kuu, kuelekea mwinuko wa Miteirya. Watu wa New Zealand walikuwa kaskazini yake. Wasikilizaji kutoka Kenya huenda wanalijua jina la Pienaar kwa sababu nyingine: Desemba 1940 aliongoza brigedi yake, pamoja na askari wa Gold Coast, kuwashambulia Waitaliano pale El Wak, mpakani mwa Kenya na Somalia. Kutoka kwetu ndiko Waafrika Kusini hao walikopanda Ethiopia, kisha Misri. Majozi aliwekwa na kikosi kilichojulikana kwa herufi FFB, na kikosi hicho usiku ule kilikutana na upinzani mkali na kupoteza watu wengi.

Nawaomba mkae nami kidogo kwenye kazi yenyewe, maana bila kuielewa kazi hatuwezi kuupima ushujaa.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza lita 2 bila kusaidiwa, maisha yake yamo hatarini. Risasi ikikata mshipa mkubwa wa paja, dakika ndizo zinazohesabiwa. Kipande cha kombora kikichana tumbo au bega, pengine ana saa kadhaa. Mbeba machela anafanya kazi katikati ya dakika hizo na saa hizo. Anamfunga majeruhi bendeji kwa kupapasa, anamlaza kwenye machela, na pamoja na mwenzake wanambeba mpaka kwenye kituo cha daktari wa kikosi, ambacho kwa kawaida ni shimo lenye taa iliyofunikwa. Kubeba mtu mmoja masafa marefu kwenye mchanga kunataka watu wanne wa kupokezana. Vitani huwa wawili. Mchanga unazama chini ya buti, mipini inachuna viganja, na mgonjwa anapiga kelele kila mnapojikwaa. Na mkifika, kazi ni kumtua, kuichukua machela nyingine, kugeuka, na kwenda tena kule kule.

Hapo kwenye kugeuka ndipo ninapotaka tusimame.

Safari ya kwanza mtu huweza kwenda kwa amri. Kamanda amesema, wenzake wote wanakwenda, mizinga inanguruma nyuma yake, damu imemchemka. Sisemi ni jambo dogo. Lakini mwili wenyewe unasaidia. Majozi alipofika kituoni kwa mara ya kwanza na majeruhi wake, mambo yalibadilika. Sasa alikuwa ameshaona. Anajua seng'enge iko wapi, anajua bunduki ya rashasha inapiga kutokea upande upi, anajua sauti ya mtu aliyekanyaga bomu. Kujua huko ndiko humfanya binadamu yeyote mwenye akili timamu atafute sababu ya kubaki pale kwenye mwanga wa taa.

Naye alipewa sababu, tena halali kabisa. Alikuwa na vipande vya kombora mwilini. Koplo wa kitengo cha tiba alimwambia aende akahudumiwe. Mtu aliyepewa ruhusa na mkubwa wake, damu ikimtoka, akakaa chini na kunyamaza, hakuna binadamu ambaye angemlaumu, si wakati ule na si leo. Hakuna ambaye angelijua jina lake pia. Alirudi chini ya moto mkali wa rashasha.

Kisha mwenzake wa machela akapigwa. Hapa kuna sababu ya pili, na ilikuwa na nguvu kuliko ya kwanza, kwa kuwa machela ni ya watu wawili. Mtu mmoja na machela ni mtu anayeburuta vijiti. Kazi ilikuwa imekwisha kwa maana halisi ya neno. Majozi akawainamia majeruhi na kuwaweka mgongoni. Aliyewahi kumbeba mtu mzima asiyejiweza, hata hapo nyumbani kutoka kitandani hadi kwenye gari, anajua uzito wa mwili uliolegea. Yeye aliubeba mchangani, na majeraha yake mwenyewe yakiwa wazi, na kama alivyokuwa wima ndivyo walivyokuwa wote wawili, shabaha moja kubwa zaidi.

Halafu kukaanza kupambazuka. Usiku humficha mbeba machela, asubuhi humwanika. Mwishowe mkubwa mwingine, koplo wa askari wa miguu, alimwambia kwa mara nyingine aondoke, naye akatabasamu, akakataa. Jibu lake kwa koplo wa tiba mmeshalisikia: bado kuna majeruhi wengi kwenye uwanja wa mabomu. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, na kinachonigusa ni kwamba halimzungumzii yeye kabisa. Hakusema anaweza kustahimili. Hakusema haumii. Alitoa taarifa ya kazi: walioko huko ni wengi, hawajatolewa. Koplo alimtazama yeye, na yeye alikuwa akiwatazama wale waliolala. Katika mazungumzo hayo mafupi naona mtu ambaye hatari yake mwenyewe imekwisha kuhamia nje ya hesabu, na hesabu iliyobaki ni ya watu.

Maelezo ya nishani yanasema kuwa wengi wangekufa kwa kuvuja damu au kwa kupigwa tena walipolala. Sitawapa idadi yao. Inatosha kwamba jeshi lenyewe liliandika wengi.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika maelezo hayo na ambalo lazima tulitaje hapa, sisi Waafrika tukiwa tumekaa pamoja. Watu aliowabeba walikuwa kwa sehemu kubwa askari wa Kizungu, raia wenye haki ya kupiga kura katika nchi ambako Majozi hakuwa nayo, watu ambao huko nyumbani asingekaa nao benchi moja. Sijui alikuwa na maneno gani moyoni, na sitayabuni. Naona tu kwamba pale chini, mtu analia maji gizani, na aliyemwendea alikuwa yeye. Kuna wanaosoma kisa hiki kama utii wa mtumwa kwa bwana. Nawapinga kwa nguvu zote. Mtumwa mtiifu angetii amri, na amri ilisema aende nyuma. Majozi alikaidi mara mbili usiku ule, na mara zote mbili alikaidi ili mtu asife. Huo ulikuwa uamuzi wake, na yeye ndiye mwenye kuumiliki.

Ushujaa wa namna hii una ndugu zake, na mmoja yuko karibu na kwetu.

Tarehe 22 Aprili 1903, katika nchi ya Wasomali, safu ya jeshi la Uingereza iliyoongozwa na Meja John Gough ilikuwa ikirudi nyuma kutoka Daratoleh baada ya mapigano makali na Madervishi wa Sayyid Mohammed Abdulla Hassan. Siku tano kabla, huko Gumburu, kikosi cha Luteni Kanali Plunkett kilikuwa kimeangamizwa karibu chote. Wengi waliokufa pale walikuwa askari wa Batalioni ya 2 ya KAR (King's African Rifles), ambayo wazee wetu waliiita Keya. Batalioni hiyo iliandikisha watu wa Nyasaland, Malawi ya leo, na Wayao, ambao ndugu zao wako Tunduru na Masasi. Hatima ya anayeachwa nyuma katika vita hivyo ilikuwa wazi.

Kichaka kilikuwa kizito. Walinzi wa nyuma walichelewa wakiwapakia majeruhi kwenye ngamia, wakatengana na safu. Hapo Kapteni Bruce akapigwa risasi ya mwili kwa karibu na kuanguka njiani. Pamoja naye walikuwa maofisa wawili, Walker na Rolland, askari wawili wa Keya, Kalasinga mmoja na Msomali mmoja wa kikosi cha ngamia. Rolland akakimbia yadi kama 500 kuita msaada. Walker na wale wanne wakabaki wamemzunguka aliyeanguka, adui wakiwa pande zote ndani ya kichaka. Bruce akapigwa tena wakiwa naye, na yule Kalasinga akajeruhiwa. Hawakuondoka. Msaada ukafika, Meja Gough mwenyewe akiwa miongoni mwa waliombeba Bruce, ambaye majeraha yake hata hivyo yalimuua.

Walker na Rolland walipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Gough katika taarifa yake hakujitaja. Alitaja matendo ya wenzake na kuyaficha ya kwake. Habari zikafika London kwa njia nyingine, na Januari 1904 gazeti rasmi la serikali likatangaza kwamba naye anapewa Msalaba huo. Namheshimu Gough kwa ukimya wake. Lakini tazameni dola ilivyofanya kazi: ofisa aliyenyamaza alitafutwa mpaka akapatikana. Wale wanne waliobaki kichakani, tangazo la nishani za Walker na Rolland liliwahesabu tu: wawili wa Keya, Kalasinga mmoja, Msomali mmoja. Askari wa Kihindi hawakuruhusiwa kuupata Msalaba huo hadi mwaka 1911.

Waliobaki Daratoleh na aliyerudi El Alamein, kwangu mimi, wamefanya tendo moja. Kubaki na aliyeanguka ni kurudi kwake kila dakika. Kila dakika miguu inataka kwenda, na kila dakika mtu anaamua upya. Kukimbia yadi 500 kuita msaada kulihitaji ujasiri mkubwa, na Rolland alistahili heshima yake. Ila ukiniuliza ni dakika za nani zilikuwa ndefu kuliko zote siku ile, nitakuonyesha wale waliopiga magoti kumzunguka Bruce.

Nitaje na kisa cha tatu kwa kifupi, kwa kuwa kinalipindua jambo hili na kulionyesha upande wake wa pili. Juni 1944, katika kisiwa cha Bougainville, Bahari ya Pasifiki, Koplo Sefanaia Sukanaivalu wa Fiji alitambaa mbele kuwaokoa wenzake waliovamiwa na Wajapani. Baada ya wawili kutolewa, akaenda peke yake kumfuata mwingine. Akiwa anarudi akapigwa mapajani na kinenani, asiweze tena kusogea. Vijana wake wakajaribu kumfikia mara kadhaa, na kila mara wengine wakapigwa. Akawapigia kelele wamwache. Wakamjibu kwamba hawatamwacha kamwe aangukie mikononi mwa adui akiwa hai. Akaelewa kuwa maadamu wanamwona anapumua, hawataondoka, na watakufa wote. Akajiinua mbele ya bunduki ya rashasha ya Wajapani, akijua kitakachofuata. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Hapo mwokoaji na mwokolewa walikuwa wakishindana nani amwokoe mwenzake, na majeruhi ndiye aliyeshinda.

Turudi kwa Majozi na nishani yake. Alipewa DCM (Distinguished Conduct Medal), ambayo kwa askari wasio maofisa ilikuwa ya pili tu chini ya Msalaba wa Victoria. Hakuna askari mwingine Mweusi wa Afrika Kusini aliyepata nishani ya juu zaidi ya hiyo katika vita vile. Mchoraji rasmi wa vita, Neville Lewis, alimchora, na picha ilihifadhiwa Johannesburg, katika jumba la makumbusho ya kijeshi. Jenerali Pienaar alimsifu hadharani kwa maneno mazito, akieleza jinsi mtu huyu, risasi zikiwa mwilini, alivyorudi tena na tena katika moto wa rashasha, na kwamba Afrika Kusini ina haki ya kujivunia mtu wa namna ile. Mimi ninapoyaweka maelezo ya Majozi kando ya maelezo ya Daratoleh, naona tendo la Majozi halipungui kwa lolote, na kwa muda lilidumu usiku mzima. Nasema wazi kwamba alistahili Msalaba wenyewe.

Pienaar hakuishi kuendelea kumsemea. Tarehe 19 Desemba 1942, akiwa safarini kurejea nyumbani, ndege yake ilianguka katika Ziwa Victoria, pale Kisumu, na wote waliokuwamo wakafa. Majozi alirejea katika nchi ambayo mwaka 1948 ilichagua ubaguzi wa rangi kuwa sera yake rasmi. Alijiunga na polisi, akafanya kazi, na akafariki mwaka 1969. Nelson Mandela alikuwa Robben Island. Mtu aliyebeba raia wa nchi ile mgongoni mwake alikufa bila kuwahi kuwa raia kamili wa nchi hiyo.

Na sisi huku tuna deni la aina hiyo hiyo, tena kubwa zaidi. Katika Vita vya Kwanza, kwenye ardhi ya Tanganyika, machela zilibebwa na wapagazi: watu waliokusanywa kutoka pande zote za Afrika Mashariki, wengine kwa nguvu, wakala posho isiyotosha, wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Upande wa Waingereza peke yake, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa vimepita 40,000, na walioandika walijua kuwa hesabu ina mapengo. Soko la Kariakoo na mtaa wake, Dar es Salaam, vimebeba jina la kikosi chao, na wanaopita pale kununua viatu na simu ni maelfu kila siku. Sanamu ya Nairobi, angalau, imemsimamisha mpagazi bega kwa bega na askari. Wangapi kati yao waligeuka na machela tupu kumfuata mtu aliyelala porini Mahiwa au kando ya Rufiji? Bila shaka wapo. Ofisa aliyetakiwa kuyaandika maelezo yao hakuona kuwa ni kazi yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa historia walioko hapa. Katika vitabu vyetu Vita vya Pili vinaanza na Hitler, vinapita kwa Churchill, na Mwafrika anaingia mwishoni, katika kile kipengele cha askari waliorudi wakaanza kudai uhuru. Mwaka ujao jaribuni kuanzia Miteirya. Wapeni wanafunzi maelezo ya nishani ya Majozi, yote, yanatosha nusu ukurasa. Waacheni wachore kituo cha daktari, vichochoro vya tepe nyeupe, na pale mwenzake alipoangukia, wahesabu mara alizoambiwa aondoke. Na mtoto atakapouliza bunduki yake ilikuwa wapi, maana lazima atauliza, fungueni Sheria ya Ulinzi ya Afrika Kusini ya mwaka 1912, mmsomee.